Bahari Inapoa kwa Kuchelewa: Niliyojifunza Kwenye Boti za Kuvulia Jodari Baridi Ikiingia

Kuna kitu nakiona kila mwaka tangu nianze ubaharia kwenye boti za kukodi huku kusini mwa New South Wales, Australia. Ikifika Aprili, asubuhi zimeanza kuuma, wenye boti zao binafsi wanaziosha, wanazifunika turubai, wanaweka fimbo stoo na kuagana, msimu umeisha, tutaonana Desemba. Wanafunga msimu kwa kusikiliza ngozi zao. Na bahari wanayoipa mgongo ndio kwanza imeingia kwenye wiki zake nzuri, yaani mimi ukiniambia nichague mwezi mmoja tu wa kwenda maji makuu sichagui Januari wala Februari, nachagua Mei, na sibembelezi mtu akubaliane nami.

Sababu ni rahisi ukishaiona. Nchi kavu inashika joto haraka na kuliachia haraka, bahari ni sufuria kubwa, inachelewa kuchemka na inachelewa kupoa. Jua la Desemba linachoma kweli, lakini maji yenyewe yanafika kilele chake kati ya Februari na Machi, halafu yanashuka taratibu mno, na ubaridi wenyewe wa maji unakuja Agosti kuelekea Septemba wakati huko nchi kavu watu wameshaanza kuvua makoti. Kwa hiyo mwezi wa tano unaweza kutoka bandarini hewa iko nyuzi 6 au 7, pua inachuruzika, vidole havitaki kukunja, na kipima joto kilichofungwa chini ya boti kinasoma 19 au 20. Asubuhi za namna hiyo utaona mvuke unapanda kutoka kwenye maji, na pale mtoni kabla hujatoka kuna ukungu mzito unaokufanya uende mwendo wa kobe huku mtu mmoja amesimama omo anaangalia mbele. Nyuzi 20 kwa binadamu sio joto la kujisifia, ila marlini mwenye milia, yule samaki mkubwa mwenye pua kama mkuki, hapo hana shida kabisa.

Bandari ninazozungumzia ni Bermagui na jirani yake Narooma, zaidi ya kilomita 300 kusini mwa Sydney. Uzuri wake ni kwamba ukingo wa bara uko karibu, yaani pale sakafu ya bahari inapoacha kuwa mita mia na kitu na kuanza kudondoka mpaka mamia ya mita na baadae maelfu, unafika kwa saa moja na nusu hivi boti ikikimbia vizuri. Sehemu nyingine za dunia unatembea usiku kucha kutafuta kina kama hicho. Halafu kuna Mkondo wa Mashariki mwa Australia, huu unashuka kutoka Bahari ya Matumbawe huko juu kaskazini ukiwa umebeba maji ya moto, na siku nyingine unakimbia zaidi ya noti tatu, yaani maili tatu za baharini kwa saa. Ila watu wanakosea wakidhani mkondo huu unateremka moja kwa moja hadi kwetu kama mto. Kaskazini mwa Sydney, maeneo ya Port Stephens, sehemu yake kubwa inaachana na pwani na kuelekea upande wa New Zealand, na kinachotufikia sisi wa kusini ni mapande yaliyokatika, mizunguko mikubwa ya maji ya moto inayojizungusha kinyume cha saa, mingine ina upana wa kilomita 100 hata 200, na inazurura miezi kadhaa kabla haijafa.

Sasa hapo ndipo somo la baridi lilipo. Majira yakigeuka mkondo unapungua nguvu, lakini mizunguko haifi siku hiyohiyo. Unaweza kuwa na mwezi wa sita, maji ya ufukweni yameshafika 16, kila mtu bandarini anakwambia bahari imekufa, kumbe maili ishirini na tano nje kuna pande zima la kiangazi limekaa linazunguka polepole na samaki wake wote ndani. Asiyelijua anabaki nyumbani, anayelijua anaamka saa kumi alfajiri.

Kulijua kwenyewe siku hizi sio uchawi. Kuna ramani za joto la bahari zinazotengenezwa kutokana na satelaiti, za IMOS, mradi wa Australia wa kuchunguza bahari, zinatolewa bure kabisa, unakaa na simu yako na chai unaangalia rangi. Tatizo lake ni mawingu, satelaiti za kupima joto hazioni vizuri chini ya wingu na majira haya mawingu yapo kwa wingi, kwa hiyo ramani ya leo inaweza kuwa na matundu makubwa. Nahodha wangu, mzee mmoja mwenye maneno machache sana, haangalii ramani ya siku moja. Anaziweka tatu au nne mfululizo anaangalia kile kitu kinasogea upande gani na kwa kasi gani, halafu anakisia kesho asubuhi kitakuwa wapi, na hapo ndipo anapochora mstari wake. Mwanzoni nilikuwa nadhani anatafuta maji ya moto. Hapana. Anatafuta mpaka. Pale ambapo maji ya nyuzi 20 yanagusana na ya 18 na nusu ndani ya umbali mfupi, hapo chakula kinarundikana, vijidudu, vidagaa, ngisi, na wakubwa wanakuja kufanya doria kwenye huo ukuta. Ukiwa juu ya maji utauona mwenyewe kama jua limepanda, upande mmoja kijani kijani, upande wa pili buluu inayokaribia zambarau, na katikati mstari wa povu na majani yaliyoelea. Nusu digrii tu inatosha kubadilisha siku. Katikati ya maji ya moto, mbali na mpaka, unaweza kurambaza, yaani kuburuza vyambo nyuma ya boti, saa tano mfululizo usione hata mkia.

Halafu kuna hili jambo ambalo ramani haikwambii, na kwangu ndilo lilikuwa gumu kuelewa. Ramani inaona ngozi ya bahari tu. Kiangazi maji ya moto ni tabaka jembamba limekaa juu ya maji baridi, na samaki wa maji ya moto wanabanwa humo juu, ndio maana ukiburuza chambo bandia juu juu kwa noti saba au nane unapigwa. Baridi ikianza, maji ya juu yanapoa, yanakuwa mazito, yanazama, upepo nao unakoroga, na lile tabaka linanenepa, mita 50, 80, hata 100 na kuzidi. Joto ni lilelile toka juu mpaka huko chini. Kwa hiyo samaki hana sababu tena ya kukaa juu, anakwenda anakotaka. Utakokota vyambo vyako vizuri kabisa juu ya kichwa chake na yeye yuko mita 70 chini anakula zake. Mwanzoni unalaumu vyambo, unabadilisha rangi, unabadilisha mwendo, unalaumu mwezi, wakati jibu liko mbele yako kwenye skrini ya saunda, ile mashine inayoonyesha kilichopo chini ya boti kwa mawimbi ya sauti. Ikionyesha alama nzito chini tunazima mbwembwe zote za kurambaza, tunaliacha boti lisukumwe na maji, tunakata samaki wadogo vipande vipande tunadondosha kimoja kimoja bila kukatisha, na kati ya vipande hivyo kimojawapo kina ndoana. Kazi hii inataka uvumilivu na inanuka, na wateja wengine hawaipendi kwasababu hawaoni kinachotokea, ila mwezi wa tano na wa sita jodari wengi wazuri wa mapezi ya njano niliowaona wamekuja kwa njia hiyo.

Wanavyopokezana hao samaki nako kuna utaratibu wake. Felusi ndio wa kwanza kuaga, yeye hapendi kabisa maji yakishuka chini ya 20, na yale maboya ya kukusanya samaki yanayowekwa na serikali ya jimbo mengine hutolewa kabla baridi haijakaza, kwahiyo usikimbilie boya la Februari ukadhani bado lipo. Marlini mweusi na wa buluu wanafuata. Yule mwenye milia anabaki nyuma, anavumilia, na mara nyingi wale wa mwishoni mwa msimu wako kwenye mabonge ya samaki wadogo wanakula wameshiba wamekuwa wazito. Jodari wa mapezi ya njano na albakora, ambaye naye ni aina ya jodari, wanashika usukani hapo katikati. Halafu ikifika Juni na Julai, wakati mtu wa kawaida hata ufukweni haendi, ndio anaingia jodari bluu wa kusini.

Huyu nimtolee maneno kidogo maana ni kiumbe wa ajabu. Jodari bluu wa kusini wote wanazaliwa eneo moja la Bahari ya Hindi, kati ya kisiwa cha Java na kaskazini magharibi mwa Australia, kwenye maji ya moto kabisa, halafu wanateremka na kuzunguka chini ya bara hili mpaka kwenye maji baridi. Damu yake haiwi na joto la maji anayoogelea. Ana mishipa iliyopangwa kiasi kwamba damu ya moto inayotoka kwenye misuli inampasha ile ya baridi inayorudi kutoka kwenye matamvua, joto halipotei, ndio maana maji ya nyuzi 15 kwake ni uwanja wa mazoezi. Uvuvi wa kibiashara ulimmaliza karibu kabisa, hesabu za miaka kumi na kitu iliyopita zilionyesha samaki waliofikia umri wa kuzaa wamebaki kama asilimia 5 tu ya walivyokuwa zamani, kisha mgao wa kimataifa ukapunguzwa na wakaanza kupanda tena, mpaka mwaka 2021 kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, wakashushwa ngazi moja ya hatari. Bado wako hatarini. Kuna kikomo cha kuchukua kwa kila mvuvi na mimi sina huruma na mteja anayeanza kubembeleza tuongeze.

Sasa kitu ambacho hakikuniingia akilini haraka, siku ina nyuzi 10, upepo unakata masikio, barafu ya nini? Barafu ni ya lazima kuliko hata kiangazi, maana jodari huyu akipigana nusu saa au saa nzima misuli yake ya ndani inakuwa na joto kupita maji kwa nyuzi nyingi tu, na usipomchinja damu itoke palepale na kumtumbukiza kwenye barafu iliyochanganywa na maji ya chumvi, nyama inajipika yenyewe kutokea ndani, inakuwa ya kijivu na inavunjikavunjika. Baridi ya nje haifiki kule. Nimeona jodari mzuri ameachwa sitahani watu wanapiga picha wakijua hali ya hewa ni friji tosha. Alipokatwa bandarini hata paka wa pale nadhani alisikitika.

Halafu wapo wezi wanaomla samaki wako akiwa bado kwenye ndoana, na kama sio papa basi ni sili, wale wanyama wa baharini wanaopumzika kwenye miamba. Kisiwa cha Montague, ambacho wenyeji asilia wanakiita Barunguba, kiko hapo nje ya Narooma na majira ya baridi kinajaa sili. Hao jamaa wanajua sauti ya boti. Samaki wako amechoka, amefika mita 20 chini unamwona anang'aa, unaanza kushangilia, mara kamba inakuwa nzito kwa namna tofauti halafu inakuwa nyepesi, unapandisha kichwa. Dawa yake ni kutovua karibu na kisiwa, na kutomchezea samaki kwa kamba nyembamba ili usifiwe ubingwa, kaza breki ya rili, lile gurudumu la kukunjia kamba, umalize kazi. Ila kamba nene nayo jodari bluu anaiona, hasa maji yakiwa meupe, kwa hiyo unakaa hapo katikati unahesabu lipi bora. Mimi naegemea kwenye lida, yaani kile kipande cha mwisho cha kamba kinachoshika ndoana, ya flurokaboni isiyo nene sana na fimbo yenye nguvu, na nakubali kupoteza wachache.

Ndege ndio waliokuwa walimu wangu kuliko mashine. Kiangazi kuna wale ndege weusi wenye mabawa marefu membamba wanaopita juu ya mawimbi bila kupiga bawa, maelfu kwa maelfu. Ikifika Aprili na Mei wanaondoka wote kwenda kaskazini ya mbali, hadi bahari za karibu na Alaska, na siku ukitoka ukakuta anga iko tupu unahisi kabisa kuna mlango umefungwa. Halafu wanaanza kuingia albatrosi, mmoja, wawili, wanakaa nyuma ya boti wanasubiri utupe kitu. Nahodha akiona albatrosi wamekaa juu ya maji kwa kundi, wametulia tu hawaruki, anapunguza mwendo, kwa sababu mara nyingi wameshiba, maana yake chakula kilikuwa hapo muda mfupi uliopita na huenda kipo chini bado. Ndege wanaozunguka juu wakitafuta hawamsisimui sana. Aliwahi kuniambia, "Kijana, anayetafuta hajui zaidi yako."

Basi tuje kwenye upepo, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wanapoumia.

Kiangazi upepo wetu ni wa kaskazini mashariki, unaanza mchana unaongezeka jioni, unaujua, unapanga siku yako kuuzunguka. Aprili na Mei kuna vipindi vya utulivu mkubwa, mgandamizo mkubwa wa hewa unakaa juu yetu siku kadhaa, bahari inalala, hizo ndio siku zangu. Baadae unaingia upepo wa magharibi, wa kutoka nchi kavu, umepita juu ya milima yenye theluji kabla haujafika kwetu. Huu ni mnafiki. Ukisimama ufukweni unaona maji yametulia kabisa, hakuna wimbi, kwasababu upepo unatoka mgongoni kwako na haujapata nafasi ya kuyajenga. Unatoka bandarini unasukumwa, boti linakwenda kwa raha, mafuta hayaliki, kila mtu anacheka. Kadiri unavyokwenda mbali ndivyo upepo unavyopata uwanja, na maili ishirini nje mawimbi ni mafupi yamesimama, lakini bado huyahisi kwa sababu mnakwenda njia moja. Unayahisi saa ya kurudi. Unageuza omo, kila wimbi linakupiga usoni, maji ya baridi yanaruka mpaka nyuma, safari ya saa moja na nusu inakuwa saa tatu na nusu, na matumizi ya mafuta yanapanda. Kanuni ya theluthi moja ya mafuta kwenda, theluthi kurudi na theluthi akiba nilikuwa naisikia kama wimbo wa shule, siku za magharibi ndipo inapoonyesha kazi yake. Nahodha siku hizo hasubiri upepo uchafuke, akiona vilele vyeupe vimeanza kuja kutoka upande wa nchi kavu anageuza hata kama samaki ndio wameanza kula, na wateja wakinuna anawaacha wanune.

Wa pili ni upepo wa kusini. Wenyewe peke yake hauna shida kubwa. Shida ni pale unapokutana na ule mkondo unaoteremka kuelekea kusini. Maji yanakwenda chini, upepo unakwenda juu, wanagongana, mawimbi yanasogeleana yanakuwa mafupi, marefu kwenda juu, na mbele yake wima. Mawimbi yaliyokuwa mita mbili za upole yanabadilika ndani ya saa moja, umbo linakuwa baya. Mwaka 1998, kwenye mashindano ya mashua za tanga ya Sydney hadi Hobart, mabaharia sita walikufa na mashua tano zikazama kwenye bahari hii ya kusini, na upepo mkali kupingana na mkondo ni moja ya mambo yaliyotajwa. Ile ilikuwa Desemba, kiangazi kabisa, na zile zilikuwa mashua kubwa za bahari kuu. Kwahiyo kila ninapokuwa ndani ya lile pande la maji ya moto nalolipenda, najua pia kwamba hapohapo ndipo mkondo ulipo na nguvu, na kwamba hewa ya kusini ikigeuka nitakuwa mahali pabaya kuliko aliyebaki maji ya kijani. Samaki wazuri na mawimbi mabaya wanakaa nyumba moja.

Na kuna zile dhoruba za mgandamizo mdogo zinazozaliwa karibu na pwani yenyewe ya mashariki, huja zaidi miezi ya kuelekea baridi na majira ya baridi yenyewe, zinakomaa kwa saa chache na zinaweza kukaa siku mbili tatu zikimwaga mvua na mawimbi makubwa. Maji ya bahari yakiwa bado ya moto na hewa ya juu imepoa ndio chakula chao. Hizo hatujadiliani nazo. Ofisi ya hali ya hewa ikitaja tu kuna uwezekano, boti linabaki limefungwa na kamba za ziada.

Baridi kwa mwili. Mimi nimekulia kwenye bahari ya joto ambako mtu akianguka majini anachekwa kwanza ndipo anatupiwa kamba. Maji ya nyuzi 14 au 15 sio ya kucheka. Dakika ya kwanza pumzi inakatika, unavuta hewa kwa nguvu bila kutaka, na kama kichwa kiko chini ya maji wakati huo ndio basi. Ukivuka hapo, ndani ya dakika kama kumi mikono inaanza kukataa kazi, huwezi kushika kamba uliyotupiwa hata kama unaiona. Watu wengi hawafi kwa kuganda, wanakufa kabla ya hapo kwa kushindwa kuelea. Ndio maana mwezi wa sita sivui laifjaketi yangu sitahani hata mtu anisemeje, na ile boya ya kutuma ishara kwenye satelaiti, ambayo sheria ya hapa inaitaka ukivuka maili mbili kutoka pwani, tunaiangalia tarehe yake kabla ya kutoka, na tunajiandikisha kwa redio na wale wa uokoaji wa baharini kwamba tumetoka watu kadhaa na tutarudi saa fulani.

Wateja wanakuja na jinsi na fulana ya pamba yenye kofia. Ikilowa ndio imelowa mpaka jioni. Sufu na koti la mvua juu yake, basi, na soksi za akiba. Na anayetapika mtazame kwa karibu, maana mtu mwenye kichefuchefu hali, hanywi, hasogei, amekaa kwenye upepo, yeye ndiye anayepoa wa kwanza na hatasema. Mara mbili tatu hivi nimemwona nahodha anaikatisha safari kwa sababu ya mtu aliyeacha kutetemeka akawa anajibu maneno polepole. Kutetemeka ni nzuri, kuacha kutetemeka bila kupashwa joto ndio kengele.

Vidole navyo. Fundo ambalo kiangazi unalifunga umefumba macho, asubuhi ya Juni linakuwa mtihani, unadhani umelikaza kumbe hukuhisi. Siku hizi lida zote nazifunga jioni nyumbani, kwenye meza, mikono ikiwa ya moto, nazikunja kwenye mifuko. Glavu nene za mpira nimeziacha, hazikuruhusu kuhisi kamba, na unaposhika lida ya samaki mkubwa mkononi kitu cha kwanza unachotaka kujua ni kama imekuzunguka kidole.

Marlini wa mwishoni tunawaachia. Jimbo hili lina mpango wa kuwawekea samaki alama tangu 1973, unachoma kialama mgongoni, unaandika mahali na makadirio ya uzito, unamwacha aende. Maji yakiwa ya baridi kidogo anarudi uhai haraka, ila mtu asimvute ndani kwa ajili ya picha, mshike pembeni ya boti boti likiwa linasogea polepole mpaka aanze kupiga mkia mwenyewe.

Mchana ni mfupi, hili watu wanalisahau kabisa kwenye hesabu. Mwishoni mwa Juni jua linatoka kama saa moja na dakika kumi asubuhi na kabla ya saa kumi na moja jioni limeshazama. Februari ulikuwa na muda wa kukosea, kurudi, kuanza upya. Sasa toa saa za kwenda, toa za kurudi ukiweka ule upepo wa usoni, unabaki na saa nne au tano za kuvua, kwa hiyo uamuzi wa kwanza wa asubuhi wa kuelekea kaskazini au kusini ndio siku yako nzima. Na kurudi gizani maana yake ni kuingia mlangoni mwa bandari huoni mawimbi. Mlango wa Narooma una fungu la mchanga lenye sifa mbaya, maji yakipwa na mawimbi marefu ya kusini yakiingia yanasimama na kuvunjika palepale pa kupita. Kila mtu anavaa laifjaketi, hiyo ni sheria, na nahodha anakaa nje anahesabu mawimbi hata dakika ishirini kabla hajaingia. Gizani huwezi kuhesabu.

Tena kuanzia Mei nyangumi wa nundu wanapanda kaskazini kwenda kuzaa, wengi sana miaka hii, na wanapita hapohapo kwenye njia zetu. Mita 100 ndio karibu kabisa unayoruhusiwa kumsogelea, akiwa na mtoto zaidi. Alfajiri kabla jua halijatoka ukikimbia noti ishirini na tano hutamwona, kwa hiyo tunakwenda polepole mpaka kupambazuke, na saa hizo zinatoka kwenye zilezile nne au tano zangu.

Ikifika Agosti maji yameshuka 14, mizunguko imechoka, jodari bluu wamesogea, boti nyingi zinapandishwa juu kupakwa rangi na kubadilishwa vipuri. Wapo wanaoendelea, wanakwenda kwenye kina cha mita 400 au 500 na rili za umeme wanashusha chambo sakafuni kutafuta samaki wa huko gizani, wanabonyeza kitufe, mota inapandisha, wanakunywa kahawa wakisubiri. Samaki wenyewe watamu kweli sikatai. Ila mimi kubonyeza kitufe sijaona raha yake, mwezi huo nachukua likizo.